Samaki Anayekufa Maji

Lilian alisimama na glasi ya soda mkononi, akagonga meza kwa kijiko, akaanza kusimulia maisha yangu kimakosa. Tulikuwa wanawake kumi na saba, wote wa umri wa kuvaa miwani ya kusomea, tumekutana kwa chakula cha mchana katika hoteli moja ya ufuoni hapa Kisumu, miaka thelathini na kitu tangu tumalize shule. "Mnamkumbuka Beryl na kamongo?" akauliza. "Huyu mama mnayemwona hapa alimnyoosha profesa wa ng'ambo mbele ya darasa zima. Profesa aliandika kwamba kamongo hufa maji. Beryl akamwambia wazi, wewe ni mwongo, samaki hafi maji. Na akashinda." Wakapiga makofi. Nikasema, "Lilian, haikuwa hivyo," lakini wakati uleule wahudumu wakaleta ugali na ngege wa kukaanga, na mbele ya samaki wa moto hakuna anayesikiliza masahihisho. Nilikula nikiwa nimenuna. Nilipofika nyumbani bado nilikuwa nimenuna.

Mnisamehe, ndivyo nilivyo. Kazi yangu ni makosa. Nasoma miswada ya vitabu vya sayansi vya shule kabla havijachapwa, natafuta mahali mwandishi alipoteleza, na mume wangu husema siwezi kusoma hata kadi ya harusi bila kalamu mkononi. Sasa mtu kama mimi atavumiliaje kupigiwa makofi kwa jambo alilokosea? Jioni ile nilimpigia simu Madam Akeyo, mwalimu wetu wa Baiolojia, ambaye hakuja kwa sababu magoti yanamsumbua. Nikamweleza kwamba wenzangu wanakumbuka nusu ya hadithi, tena nusu mbovu. Akaniuliza kwa sauti ileile ya miaka ile, "Na wewe umejuaje kwamba unakumbuka vizuri?" Nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Nikatafuta daftari, nikakaa mezani. Ninayoyaandika hapa nimeyapima mara mbili.

Habari za nilizaliwa wapi na nani nitaziacha. Inatosha mjue kwamba mwaka huo niliingia kidato cha tatu katika shule ya kutwa ya wasichana upande wa Kondele, na nilikuwa nikiishi Obunga kwa Waya, ndivyo tunavyomwita shangazi, dada ya baba. Maabara ya shule ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja tu, na madirisha yenyewe yalitazama stendi, kwa hiyo tulijifunza habari za moyo na figo huku makanga wakiita abiria wa Otonglo na Maseno. Kulikuwa na harufu ya dawa ya kuhifadhia vyura, na meza tano za mbao zilizochorwa majina ya wasichana waliotutangulia. Stuli zilikuwa thelathini na mbili. Sisi tulikuwa arobaini na mmoja, na tisa kati yetu tulisimama ukutani, daftari mkononi, zamu kwa zamu. Wiki ya pili ya Januari mkuu wa shule, mama mnene mpole wa sura na mkali wa maneno, aliingia akatuhesabu kwa kidole. "Mimi si fundi seremala," akasema. "Muhula huu ukiisha, tisa wa mwisho kwa alama wataenda Homsayansi. Wengine watakaa."

Sina ubaya na Homsayansi, somo la mapishi na ushonaji. Lakini nilikuwa nakaanga samaki tangu nina miaka tisa, na sikuona sababu ya kuvaa sare na kwenda shule kufundishwa. Nilitaka Baiolojia. Niliitaka kwa uchu ambao sikuweza kumweleza mtu. Nilikuwa nimepasua samaki wengi mno jikoni kwa Waya, nikaona vile vifuko na mirija, ile nyongo ya kijani unayoikwepa isipasuke, na kila mara nilijiuliza kila kimoja kina kazi gani. Hapo jikoni swali kama hilo lilijibiwa kwa kuambiwa niharakishe. Maabara ilikuwa mahali pekee ambapo mtu angeweza kuuliza na asiambiwe aharakishe. Katika mtihani wa mwisho wa kidato cha pili nilikuwa wa thelathini na sita. Hesabu hiyo nilikuwa nayo kichwani nikilala na nikiamka: watano nyuma yangu, na wanne mbele yangu wa kuwaruka ili nipate stuli.

Madam Akeyo alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye kalamu nyekundu aliyoichomeka kwenye nywele. Mwaka uliotangulia shule ilikuwa imeletewa masanduku mawili ya vitabu kutoka ng'ambo, vitabu vya sayansi walivyoandikiwa watu wa kawaida wasome nyumbani kwao: volkano, ubongo, mbu, nyota, nyangumi. Vilikuwa vimefungiwa kabatini visije vikachafuka. Yeye alivunja kufuli. Akatangaza kwamba nusu ya alama za muhula zingetokana na uhakiki wa vitabu, mara tatu, kila mmoja kurasa mbili. "Nataka kujua mnafikiri nini," akasema. Tukatazamana. Hakuna aliyewahi kutuuliza hivyo, na nadhani wengi wetu tuliona kama ni mtego.

Kwa uhakiki wa kwanza, karibu darasa zima tulifanya kosa moja, bila kuambiana. Mnajua kwetu kitabu kilikuwa kitu cha kunawa mikono kabla ya kukishika. Kusema kitabu kina kasoro ilikuwa utovu wa adabu, sawa na kumwambia mgeni kwamba shati lake limechanika. Basi tukafungua, tukatazama picha, tukageuza nyuma ya jalada ambako kulikuwa na maneno mazuri tayari, tukayanakili. Madam Akeyo alikuja na rundo la karatasi akaanza kutusomea bila kutabasamu. "Kitabu hiki kitabadilisha namna unavyoutazama ulimwengu. Hiki ni cha volkano. Kitabu hiki kitabadilisha namna unavyoutazama ulimwengu. Hiki ni cha meno. Lilian, wewe umeandika kwamba ulishindwa kukiweka chini mpaka alfajiri. Kitabu chako ni cha mbu. Ni mbu gani hao walikufurahisha hivyo?" Tulicheka mpaka makanga nje wakageuka kututazama. Yeye hakucheka. Alitupa wote alama tano kwa ishirini. "Hayo ni maneno ya muuzaji," akasema. "Muuzaji hana kosa, anatafuta riziki. Lakini mhakiki kazi yake ni swali moja. Anamshika mwandishi shati na kumuuliza: umejuaje? Akijibu vizuri, mwachie. Asipojibu, tuambie."

Lile neno liliniingia. Umejuaje. Nilitembea nalo kutoka Kondele hadi Obunga. Nilimuuliza mama wa mboga aliyesema kwamba sukuma wiki yake ni ya asubuhi, akanifukuza. Lakini mimi, kama mtakavyoona, nilikuwa nimelisikia nusu. Nilielewa kwamba lazima niulize wengine. Sikuelewa kwamba na mimi naulizwa.

Kitabu changu cha pili kilikuwa cha jalada la bluu, kuhusu wanyama wanaoishi kati ya maji na nchi kavu. Katikati kulikuwa na sura nzima ya kamongo, samaki mwenye mapafu, na mwandishi, profesa wa chuo fulani cha ng'ambo, aliandika kwamba kamongo mkubwa wa ziwa hili letu akizuiwa kupanda juu kuvuta hewa, atakufa maji. Nilisoma sentensi hiyo jikoni kwa Waya, nimekaa kwenye kigoda karibu na karai la mafuta. Waya alikuwa akikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki baada ya viwanda kuchukua minofu, na majirani wawili walikuwa wamekaa wakisubiri zao. Nikawatafsiria. Kicheko kikazuka kwa pamoja. "Samaki afe maji?" akasema Mama Atieno, jirani wa mlango wa pili. "Basi na ndege naye afe hewa." Mwenzake akashika mbavu. Waya mwenyewe hakucheka sana. "Achana na kamongo jikoni kwangu," akasema. "Huyo si wa wanawake." Kwetu ndivyo ilivyokuwa, na kwa wengi wa rika lake bado ndivyo ilivyo: kamongo ni wa wanaume. Mwanamke hamli, hampiki, hamshiki. Nyumbani kwa Waya hata sufuria haikuwahi kumjua.

Nikaandika usiku mmoja, kwa hasira tamu. Niliandika kwamba profesa huyu ni dhahiri hajawahi kuona ziwa. Niliandika kwamba hata mtoto wa Obunga anajua samaki hafi maji kama vile ndege hafi hewa, na kwamba watu wa ng'ambo wamezoea kutuandikia uongo wakidhani hatujui kusoma. Niliposimama kuusoma mbele ya darasa, wasichana walipiga meza. Waliosimama ukutani walipiga ukuta. Lilian alipiga mluzi. Kuanzia siku hiyo nikaitwa Profesa, na kichwa kikanivimba, sikatai. Madam Akeyo alisubiri kelele ziishe. "Beryl," akasema, "umewahi kumwona kamongo?" Nikasema nimewaona sokoni. "Kwa karibu?" Nikakunja pembe ya karatasi. "Umewahi kumshika? Umewahi kukaa ukamtazama akiwa hai, hata dakika tano?" Nikasema, "Madam, kwetu wanawake hawamshiki." Wasichana wakaguna, maana wengi kwao ni hivyohivyo. Yeye akatikisa kichwa taratibu. "Sawa. Kwa hiyo umejuaje?"

Karatasi ilirudi na alama nne. Chini kwa wino mwekundu aliandika: Umemhakiki mwandishi, hujakihakiki kitabu. Nililia chooni, nawaambia ukweli. Nne ilikuwa mbaya kuliko tano ya kunakili. Katika orodha aliyobandika mlangoni nilikuwa nimeshuka hadi nafasi ya thelathini na nane, na ilibaki kazi moja tu kabla ya muhula kuisha. Nilipomfuata ofisini, alikuwa akila viazi vitamu kwenye karatasi. Akanipa kimoja. "Chukua kitabu hichohicho," akasema. "Sitaki maneno ya jikoni. Sitaki hata maneno yangu. Nenda ukaone, halafu uniandikie ulichoona." Nikamuuliza, "Na nikikuta mwandishi amesema kweli?" Akanitazama juu ya miwani. "Basi utaniandikia kwamba amesema kweli. Kwani hiyo inauma?" Niliondoka nikitafuna kiazi, nikidhani ananitania.

Jumamosi iliyofuata nilimburuta Lilian hadi ufuo wa Dunga, kwa kuwa yeye alikuwa na saa. Ulikuwa mwisho wa Februari, mvua haijaonekana tangu kabla ya Krismasi, nyasi zimekuwa rangi ya gunia na vumbi limetupanda hadi magotini. Ufuoni wanawake walikuwa wakianika omena, dagaa wa ziwa, juu ya nyavu kuukuu na kubishana kuhusu kwaya ya kanisa, nani aliimba vibaya Jumapili. Tulipouliza kamongo walitutazama kutoka kichwa hadi vidole, kisha wakatuelekeza kwa Baba Otis. Alikuwa mzee mfupi, amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akipanga ndoano mojamoja kwenye ukingo wa ndoo.

"Habari ya asubuhi, Mzee."

"Mzuri. Nani ametuma nyinyi?"

"Mwalimu wa Baiolojia."

"Mwalimu anataka kula kamongo?"

"Hapana, Mzee. Anataka mimi nimwone."

Baba Otis akamgeukia mwenzake aliyekuwa akishona wavu. "Umesikia hii? Hawa wasichana wamekuja kuona kamongo. Si kula. Kuona tu." Mwenzake akasema dunia imeisha. Lakini yule mzee akainuka, akatuongoza nyuma ya kibanda, na pale kivulini kulikuwa na pipa lililokatwa nusu, limejaa maji hadi karibu na ukingo. Ndani alilala mnyama mrefu kuliko mkono wangu, wa kijivu mwenye madoa, na mahali pa mapezi alikuwa na nyuzi nne laini zinazoning'inia. Macho yalikuwa madogo sana. Nilimwogopa, kisha nikaona aibu kumwogopa, nikachuchumaa.

Nikamuuliza nikiwa na uhakika wa jibu. "Mzee, kamongo anaweza kufa maji?"

"Sasa itakosa kufa kwa nini?" akasema. "Ile ndoano ya chini kabisa, ukichelewa kuvuta asubuhi, unapata maiti. Imeshikwa huko chini, haiwezi panda kuvuta pumzi, inakufa maji kama mtu tu. Ile ya karibu na mafunjo, maji kidogo, inakuja nzima. Tena na hasira."

"Na kila mtu anajua hivyo?"

"Kila mtu nani? Sisi watu wa ndoano tunajua. Nyinyi akina mama mnajua sufuria ya mbuta."

Lilian alinitazama, nami nikatazama pipa. Tulikaa pale karibu saa mbili. Kamongo alipanda, akatoa pua juu, akafungua mdomo na kuvuta hewa kwa sauti niliyoisikia wazi, kisha akashuka. Lilian akaandika: dakika sita. Akapanda tena: dakika nne. Tena: saba. Hapo Baba Otis akachukua kapu la waya, akamgandamiza nalo chini ya maji, akaweka jiwe juu. Mwanzoni yule mnyama alitulia. Kisha akaanza kusukuma kwa pua, hapa na pale, polepole, akitafuta upenyo. Kisha akaanza kujirusha. Maji yakaturukia sare. Nilijikuta nimesimama nikisema, "Toa, Mzee. Tafadhali toa hilo kapu." Alipolitoa, kamongo alipanda moja kwa moja, akavuta hewa ndefu, na mimi nilivuta naye. Sijawahi kujisikia mjinga vile, na sijawahi kufurahi vile, vyote kwa pamoja. Profesa hakuwa mwongo. Mwongo nilikuwa mimi, na wanawake wawili waliosubiri mgongo wazi.

"Mshike basi," Baba Otis akasema. "Hapa nyuma ya kichwa. Mbali na mdomo, hii inakata kidole." Lilian akarudi nyuma hatua tatu, akaficha mikono. Nilimfikiria Waya. Kisha nikatumbukiza mkono, nikamshika. Alikuwa anateleza, amejaa nguvu, na chini ya kiganja nilisikia kitu kinavimba na kunywea.

Kitabu nilikuwa nimekileta, nimekifunga kwa gazeti. Kwa adabu, na labda kwa kuomba radhi, niliamua kumsomea Baba Otis sura yote ili aone jinsi mwandishi alivyojua. Alisikiliza akikubali kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, mpaka nilipofika mahali paliposema kwamba kila kiangazi kamongo wa ziwa hili hujichimbia ndani ya tope, hujifunika kwa utando na kulala hadi mvua irudi. Akaniinulia mkono ninyamaze.

"Inalala lini?"

"Wakati wa kiangazi."

"Na sasa ni wakati gani?"

Nikatazama nyasi, nikatazama vumbi miguuni pangu. "Ni kiangazi, Mzee."

Akaonyesha pipa kwa kidole. "Na hii ni nini?"

Ndani ya pipa kamongo alikuwa macho, akipanda kuvuta hewa. Kisha yeye mwenyewe akaeleza, bila kumcheka profesa. Alisema amesikia kwamba huko kwenye mabwawa ya kando ya mito, maji yakikauka, watu huwachimba kwa jembe kamongo waliolala topeni. Hilo hakulikataa. "Lakini ziwa hii ilikauka lini?" akauliza. "Atalala ya nini, na maji iko?" Nikafungua ukurasa wenye picha ya kamongo ndani ya tope. Nilikuwa nimeitazama picha ile mara kumi. Chini yake kulikuwa na maandishi madogo sana ambayo sikuwa nimeyasoma hata mara moja, na yalisema kwamba picha ilipigwa kwenye bwawa la mto, katika nchi nyingine kabisa, mbali na hapa. Mwandishi alikuwa amemwona kamongo wa bwawa lake, akamsemea na wa ziwa letu. Nilipiga magoti pale chini nikacheka peke yangu. Jumamosi iliyofuata nilirudi, nikauliza wavuvi wengine watatu, mmojammoja, wasisikilizane. Wote walikuwa wakivua kamongo mwezi huo.

Njiani kurudi, ile Jumamosi ya kwanza, Lilian alinipa ushauri, na ulikuwa mzuri kwa macho ya dunia. "Andika ya tope peke yake," akasema. "Hiyo ya kufa maji iache kabisa. Nani atakumbuka? Ukikubali ulikosea, watakucheka, na Madam atakukata alama, na stuli itakupita." Nilimwambia nitafikiri, na kweli nilifikiri, siku nne. Kila jioni nilikaa mezani na taa, Waya akiimba chinichini akiosha karai, nami nikaandika mwanzo bila lile kosa, nikafuta. Mwanzo ule ulikuwa mzuri. Ulinionyesha nina akili. Lakini kila nilipofika mahali pa kumuuliza profesa amejuaje, mkono ulisimama, maana alikuwa na haki ya kuniuliza vilevile kuhusu ndege na hewa. Siku ya nne nikang'oa karatasi, nikaanza upya.

Siku ya kusoma, mkuu wa shule alikuja na orodha yake ya wasichana tisa wa kwenda Homsayansi, akakaa kwenye stuli ya mbele, na msichana aliyenyang'anywa stuli akaja kusimama ukutani nasi. Nilipoitwa, kuna aliyesema, "Profesa huyo," na wengine wakajiandaa kupiga meza. Nikasoma. "Katika uhakiki wangu uliopita nilimwita mwandishi mwongo. Nilikosea. Kamongo hufa maji. Nimemwona akizuiwa kupanda, na nimeomba aachiwe." Darasa likapoa. Nyuma mtu akacheka, mwingine akasema Profesa amejisalimisha. Niliendelea: dakika za Lilian, ndoano za chini na za mafunjoni, pumzi niliyoisikia chini ya kiganja. Nikasema katika hilo mwandishi amejibu swali, tumwachie. Kisha nikafika kwenye tope. Nikasema tarehe niliyokwenda Dunga. Nikasema nani niliowauliza na jinsi nilivyowauliza. Nikasema kwamba katika ukurasa huu mwandishi ametoa ushahidi wa bwawa akalihukumu nao ziwa, na kwamba ushahidi dhidi yake ameuchapa yeye mwenyewe, kwa herufi ndogo, chini ya picha.

Mkuu wa shule akainua kichwa. "Msichana, unaishi wapi?"

"Obunga, Madam."

"Na wewe wa Obunga unamsahihisha profesa?"

Mwezi mmoja kabla ningemjibu kwa maneno makali na wasichana wangepiga ukuta. Safari hii sikuhitaji. "Ndiyo, Madam," nikasema. "Ukurasa wa themanini na nane. Na yeye amenisahihisha mimi, ukurasa wa themanini na sita." Nikampelekea kitabu. Alivua miwani, akaipangusa kwa leso, akaivaa, akakisogeza kitabu dirishani penye mwanga. Akasoma maandishi yale madogo, midomo ikicheza. Akageuza nyuma, akasoma ukurasa wa themanini na sita pia, wote, tukiwa tumesimama. Nje makanga mmoja aliita Otonglo mara nyingi mno. Kisha mkuu akamgeukia Madam Akeyo. "Hii karatasi umeipa ngapi?"

"Kumi na tisa," akasema Madam Akeyo.

"Na moja imeenda wapi?"

"Ameandika vibaya jina la mwandishi."

Mkuu akacheka, mara ya kwanza na ya mwisho niliyomsikia akicheka. Akachomoa kalamu, akatafuta jina langu kwenye ile orodha, akalikata kwa mstari mmoja, akamwonyesha Madam Akeyo ili asiseme baadaye hakuona. Nilikuwa wa thelathini na moja. Muhula wa pili nilipata stuli, ya pili kutoka dirishani, na niliikalia hadi mwisho wa kidato cha nne, nikaingia nayo chuo kikuu kwa namna ya kusema. Mwaka ule wote niliandika uhakiki mwingine sita ambao hakuna aliyeniamuru, mmoja wao ukiwa barua niliyompelekea mchapishaji wa ng'ambo. Walijibu kwa sentensi tatu kwamba mstari wa tope utarekebishwa kitabu kikichapwa tena. Nimesoma barua nyingi tangu hapo, na hakuna iliyonipa kiburi kama ile. Kwa hiyo Lilian akisema nilishinda, sibishani. Nilishinda, tena kwa kishindo. Ila ajue nilishinda nini.

Jioni ya siku ile nilikimbia kutoka Kondele hadi nyumbani bila kupumzika. Waya alikuwa mlangoni na karai lake, na nikamwambia yote kwa mkupuo mmoja, stuli, orodha, mkuu kucheka. Aliniuliza kitu kimoja tu. "Kwa hiyo huyo kamongo ulimshika?" Nikasema nilimshika. Akatazama mikono yangu muda mrefu. Akaniletea maji na sabuni, akanimiminia mwenyewe, mara moja, mara mbili, akanipangusa kwa kanga yake. Kisha akatoka nje akaita kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Mama Atieno, toka uone. Msichana wangu amemsahihisha profesa wa ng'ambo." Milango ikafunguka. Mama Atieno akatoka, na yule mwenzake, na wengine wawili watatu, wakaanza kupiga vigelegele. Mimi nikamvuta Waya mkono. "Waya," nikamwambia, "lakini na mimi nilikosea. Na Mama Atieno pia. Kamongo hufa maji." Waya akaniinamia sikioni. "Hiyo," akasema, "usiwaambie." Nikatoka hadi katikati ya uwanja, nikangoja vigelegele viishe, nikawaambia.